Kazi ya kwanza katika vitabu: kurasa tano zilizosahihishwa zina uzito kuliko CV

Kila mwaka vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Kisangani na Lubumbashi vinatoa vijana waliosoma Kifaransa, lugha za Afrika, historia au habari na mawasiliano. Wengi wanapenda vitabu. Wachache wanajua kwamba kutengeneza kitabu ni kazi inayoweza kumlisha mtu. Na wale wanaojua, wakianza kutafuta, wanagonga ukuta ambao kila mwenye kutafuta kazi huku kwetu anaufahamu: tangazo linadai uzoefu wa miaka mitatu, mara mitano. Uzoefu huo utatoka wapi kama hakuna mwenye kutoa kazi ya kwanza?

Katika vitabu swali hilo lina jibu ambalo kazi nyingi hazina. Kijana aliyesoma udaktari hawezi kupasua mgonjwa nyumbani ili aonyeshe kwamba anaweza. Lakini mwenye kutaka kusahihisha maandiko anaweza kukaa leo jioni, achukue kurasa tano, azisahihishe vizuri, na kesho azipeleke kwa mtu wa kazi. Kurasa hizo zinaonyesha uwezo wake kuliko karatasi yoyote yenye muhuri. Mwenye kuzisoma atajua kwa dakika kumi kama aliyezitengeneza anafaa.

Kuchapa si kutoa kitabu

Vijana wengi wanapoteza wakati kwa kupeleka barua mahali pasipohusika. Kiwanda cha kuchapa, kile ambacho wakaaji wa miji yetu wanaita imprimeri, kinapokea faili iliyo tayari na kuigeuza kuwa karatasi. Hakichagui andiko, na mara nyingi hakisahihishi hata nukta. Nyumba ya kutoa vitabu ndiyo inayochagua andiko, inayopatana na mwandikaji, inayolitengeneza, inayotafuta pesa ya kulichapa na kulifikisha kwa msomaji.

Kati ya andiko na kitabu kuna mikono mingi. Msomaji wa kwanza anasema kama andiko linafaa. Mhariri anazungumza na mwandikaji juu ya mpangilio: sura hii ihamie mbele, mfano huu ufupishwe, kifungu hiki kitoke. Msahihishaji anawinda makosa ya lugha, ya tarehe na ya majina. Mpangaji wa kurasa anafanya kazi na InDesign, au na Scribus ambayo ni programu ya bure. Kuna pia mchoraji, na mtu wa mauzo. Katika nyumba ndogo, mtu mmoja anabeba kazi tatu au nne.

Asiye na uzoefu anaingia mara nyingi kwa mlango wa msahihishaji, kwa sababu ndiyo kazi inayopimwa haraka. Lakini ni vizuri ajue pia namna kitabu kinavyojengwa. Vitabu vingi vinachapwa kwenye karatasi kubwa ambazo zikikunjwa zinatoa kurasa 16 kila moja. Kitabu cha kurasa 96 ni mikunjo 6. Andiko likifika kurasa 99, mtu anapashwa kukata kurasa 3, au kulipia karatasi zitakazobaki tupu. Kijana anayeuliza swali hilo mbele ya mkurugenzi ameonyesha tayari kwamba anafikiri kama mtu wa vitabu.

Milango isiyo na kibao

Mwenye kutembea Goma au Uvira akitafuta kibao kilichoandikwa "maison d'édition" atachoka miguu. Mashariki mwa Kongo, kazi ya vitabu mara nyingi imekaa ndani ya nyumba nyingine. Bukavu kuna CERUKI, kituo cha utafiti cha ISP, kinachotoa maandiko ya wachunguzi. Lubumbashi ina Presses Universitaires de Lubumbashi. Goma ina Pole Institute, iliyoanzishwa mwaka 1997, inayotoa jarida la Regards Croisés. Nyumba ya Kikatoliki ya Médiaspaul ina makao Kinshasa, na vitabu vyake vinauzwa pia Lubumbashi.

Kando ya hizo kuna watoaji ambao hawajiiti watoaji. Majimbo ya Kanisa na jumuiya za Kiprotestanti zinachapisha vitabu vya nyimbo na mafundisho. Vyuo vikuu vina majarida. Miradi ya elimu inahitaji vitabu vya kusoma. Mashirika ya afya yanatoa miongozo ya wauguzi na vijitabu vya kufundisha watu juu ya kipindupindu na Ebola.

Mfano wa Ebola unaonyesha kwamba kazi hii si mchezo wa herufi tu. Wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha iliyotumiwa kuwaeleza watu ugonjwa. Lilionyesha kwamba wengi hawakuelewa vizuri ujumbe wa Kifaransa, wala ule wa Kiswahili kisichofanana na cha kwao. Karatasi ya afya ambayo mama wa Beni haielewi ni karatasi iliyotupwa, hata kama imechapwa kwa rangi nne.

Katika matangazo, kazi za namna hii hazibebi jina la uhariri. Zinaitwa chargé de publications, relecteur, traducteur, au zinafichwa ndani ya assistant à la communication. Anayetafuta neno "mhariri" peke yake atapita mbele ya mlango bila kuuona. Na nyumba nyingi ndogo hazitangazi kabisa: zinamwita mtu ambaye kazi yake imekwisha kuonekana.

Sekretaria ya mlangoni mwa chuo

Karibu na kila chuo kikuu kuna sekretaria za kulipia: chumba kimoja, kompyuta mbili, imprimante, mashine ya fotokopi, na spirali za kufunga TFC na memwari. Watu wanaziona kama mahali pa kuchapa haraka kabla ya siku ya kutetea kazi. Kumbe ndipo kurasa nyingi zinazoandikwa katika miji yetu zinapopita.

Kijana aliyefanya kazi humo miezi sita amekutana na kila ugonjwa wa andiko. Ameona orodha ya yaliyomo isiyolingana na kurasa, tanbihi zilizorudiwa, jina moja lililoandikwa kwa namna tatu, jedwali linalokatika katikati, vifungu vizima vilivyochukuliwa mahali pengine bila kutaja mwenyewe. Ameongea na mwandikaji mwenye haraka na mwenye hasira. Hiyo ni kazi ya vitabu. Lakini kwenye CV anaandika "opérateur de saisie", au haandiki kitu kwa kuona haya.

Ni afadhali aeleze kazi yenyewe: memwari ngapi alizopanga, za masomo gani, nini alisahihisha, na programu gani alitumia. Ndivyo inavyokuwa pia kwa aliyeandaa gazeti la ukuta shuleni, aliyesoma andiko la mchungaji wake kabla ya kuchapwa, au aliyetafsiri barua za ushirika wa wakulima. Huo ni uzoefu. Kilichobaki ni kuutaja kwa jina lake na kuwa na ushahidi mkononi.

Dosye yenye vipande vitatu

Ushahidi huo hauhitaji kuwa mnene. Vipande vitatu vinatosha.

Cha kwanza ni kurasa tano zilizosahihishwa, zikionyesha andiko la mwanzo na masahihisho pembeni, kwa ruhusa ya mwandikaji. Programu ya Word na LibreOffice, ambayo nayo ni ya bure, zinaweza kuhifadhi kila badiliko ili lionekane. Tuchukue sentensi kama hii: "Samaki zilioza sababu kamioni ilikawia, na wauzaji wakapoteza samaki zao." Msahihishaji ataandika "samaki walioza" na "samaki wao", kisha ataeleza kwa neno moja kwamba samaki ni kiumbe chenye uhai, na sarufi sanifu inampa ngeli ya viumbe. Lakini kama sentensi hiyo inasemwa na mama muuzaji ndani ya hadithi, msahihishaji mwema ataiacha jinsi ilivyo, kwa sababu ndivyo mama huyo anavyosema. Kujua wakati wa kugusa na wakati wa kuacha ndiyo nusu ya kazi.

Nusu nyingine ni kuhakikisha mambo. Mwandikaji akisema Nyiragongo ililipuka mwaka 2001, msahihishaji anaandika pembeni: ni tarehe 17 Januari 2002, na tena 22 Mei 2021. Akisema Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022, swali linaulizwa: mkataba ulitiwa saini tarehe 8 Aprili, lakini uanachama kamili ulianza tarehe 11 Julai. Mwandikaji anataka ipi? Mwenye kuuliza hivyo anamlinda mwandikaji asichekwe na wasomaji.

Kipande cha pili ni fiche de lecture, yaani ripoti ya ukurasa mmoja au mbili juu ya andiko. Inaeleza kwa mistari kumi andiko linasema nini, linamlenga nani, nini kinasimama na nini kinaanguka, kazi gani inabaki, na mwisho uamuzi: litolewe, litengenezwe kwanza, au likataliwe. Wanafunzi wengi wanajaza fiche zao kwa sifa. Mkurugenzi hatafuti sifa. Anataka kujua kama aweke pesa yake hapo.

Cha tatu ni maandiko mafupi ya Kiswahili yaliyotafsiriwa au kurekebishwa. Hapa hakuna haja ya kungoja mtu atoe ruhusa. African Storybook, yenye makao Afrika Kusini, inatoa hadithi za watoto kwa leseni ya wazi, na inaruhusu watu kuzitafsiri na kuzibadilisha kwa lugha zao. Wikipedia ya Kiswahili iko tangu 2003, na kila mtu anaweza kusahihisha makala yake. Historia ya mabadiliko inabaki pale, na jina la aliyefanya linaonekana. Aliyesahihisha makala ishirini juu ya mito, miji na historia ya Kongo ana kitu cha kuonyesha.

Kiswahili chetu ni akiba

Ni katika Kiswahili kijana wa mashariki anapoweza kumzidi mwenye uzoefu wa Kinshasa au wa Paris. Katiba inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema lugha za taifa au lugha za mazingira zitumike kama chombo cha kufundishia na pia kama somo. Vitabu vya shule vinapita mbele ya DIPROMAD, idara ya wizara inayohusika na programu na vifaa vya kufundishia. Kwa hiyo anayetaka kusahihisha vitabu vya watoto afungue kwanza programu ya taifa na kujua kelasi ya kwanza inadai nini na ya pili inadai nini.

Kazi hiyo si nyepesi, kwa sababu Kiswahili cha Kongo si kimoja. Lubumbashi watu wanasema "banaenda" mahali ambapo kitabu kinaandika "wanaenda". Mtoto wa Bukavu anasema "kelasi", kitabu cha Dar es Salaam kinasema "darasa". Mhariri hachagui kwa upepo. Anaandika orodha ya maamuzi: neno gani tunashika, wapi, kwa sababu gani, na anaifuata kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kijana anayefika na orodha kama hiyo, hata ya maneno thelathini, amefanya kazi ambayo nyumba nyingi hazijafanya.

Mji wa Lubumbashi una mfano mkubwa wa jambo hilo. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, alikusanya historia ya mji wao kwa Kiswahili: Vocabulaire ya ville ya Elisabethville. Andiko hilo lilizunguka bila nyumba kubwa ya vitabu nyuma yake. Mtafiti Johannes Fabian alipolitoa kama kitabu mwaka 1990, alikuta uandishi wake ni mgumu kufuata kwa macho tu. Alimwomba Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili cha Shaba, alisome kwa sauti, na hapo maneno yakajitenga na maana ikatokea. Wasahihishaji wanalijua fundisho hilo: andiko la Kiswahili chetu lisomwe kwa mdomo kabla ya kalamu nyekundu kuligusa.

Miradi iliyolipia vitabu vya Kiswahili haikuwa mingi, na mingine imekwisha. ACCELERE!, uliogharamiwa na Marekani na Uingereza, ulitoa vitabu vya kusoma kwa Kiswahili, Lingala na Ciluba. Shirika la USAID lenyewe lilifungwa mwaka 2025. Pesa za nje zinakuja na kuondoka. Watoto wanaohitaji vitabu wanabaki.

Walioanza bila kuijua kazi

Mlango huo uliwahi kufunguliwa na watu wasiokuwa na siku hata moja ya uzoefu. Henry Chakava aliingia Heinemann ya Nairobi mwaka 1972 akitoka chuo kikuu. Baada ya miaka michache alikuwa anaiongoza, na mwaka 1980 nyumba hiyo ilitoa riwaya ya Kikikuyu ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika gerezani. Mwaka 1992 ikawa East African Educational Publishers, mikononi mwa Wakenya. Mwaka ule ule wa 1972, huko Dar es Salaam, Walter Bgoya alitoka wizara ya mambo ya nje na kuchukua uongozi wa Tanzania Publishing House. Mwaka 1991 akaanzisha nyumba yake, Mkuki na Nyota. Na kwetu, V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi na mwalimu wa chuo kikuu, alikuwa kati ya waliosimamisha Éditions du Mont Noir mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Watu hao hawakuwa na diploma ya uhariri. Walikuwa wasomaji wakali, wanajua lugha zao, na walikubali kujifunza kazi wakiwa ndani yake.

Staji, majaribio na pesa

Ni hapa vijana wengi wanaumia. Nyumba ya vitabu ina haki ya kutoa jaribio. Kurasa mbili hadi tano zinatosha kumjua mtu. Anayetoa kurasa 80 "za kujaribu" anatafuta kazi ya bure, na kijana anaweza kumjibu kwa heshima kwamba atasahihisha tano za kwanza, kisha wapatane juu ya zilizobaki. Na anayedai pesa ya "kufungua dosye" ili akupe kazi hana kazi ya kukupa.

Kwa anayeajiriwa, sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inasema muda wa majaribio uandikwe, na usizidi mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, au miezi sita kwa wafanyakazi wengine. Majaribio ni kazi yenye mshahara. Staji ni jambo lingine, lakini nayo iwe na karatasi inayotaja mwanzo, mwisho, mtu wa kukufundisha na nini kitalipwa, hata kama ni usafiri tu. Staji isiyo na tarehe ya mwisho inageuka utumishi.

Kwa anayelipwa kwa kila kitabu, mtego ni neno "ukurasa". Mwandikaji anaweza kuleta kurasa 60 zilizobanwa kwa herufi ndogo, kila moja na alama 3 000. Katika desturi ya vitabu vya Kifaransa, ukurasa wa hesabu, yaani feuillet, ni alama 1 500 pamoja na nafasi. Kwa hiyo kurasa zile 60 ni feuillets 120. Aliyepatana bei bila kuhesabu alama amefanya kazi mara mbili kwa malipo ya mara moja. Word inaonyesha hesabu hiyo kwa kubonyeza mara moja.

Mapatano yataje pia malipo yatapita wapi. Tangu Goma iingie mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu Februari, benki zilifunga milango na watu wengi wakabaki na pesa ya simu tu. Gharama ya kutuma na kutoa ijulikane mapema nani anaibeba. Na kwa aliyetafsiri, jina lake liandikwe ndani ya kitabu: sheria ya haki za waandikaji ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda pia tafsiri, na jina hilo ndilo litakaloleta kazi ya pili.

Barua yenyewe iwe fupi. Katika ofisi zetu itaandikwa kwa Kifaransa, kwa mkurugenzi, ikitaja kitabu kimoja cha nyumba hiyo ambacho mwombaji amekisoma kweli, nini anaweza kufanya, na vipande vitatu alivyoambatanisha. Barua yenye kosa la lugha, kwa kazi ya kusahihisha lugha, haifiki mstari wa pili.

Mwaka huu kama mwaka jana, mtu fulani ataamua mtoto wa Walikale au wa Kalemie ajifunze kusoma kwa maneno gani, na karatasi ya afya iseme nini kwa mama wa Fizi. Kama mashariki haina watu waliojifunza kazi hiyo, uamuzi utafanyiwa mbali, na watu wasiowahi kusikia Kiswahili cha huku. Kiti hicho kipo. Wa kukikalia ni yule atakayefika na kurasa tano mkononi.